Kitanda Chenye Bendera

Mgongo ndio ulioniponza. Pingili mbili za chini zilianza kugombana nami, na kila nikitoka Sinza na baiskeli yangu ya zamani nilikuwa nafika kazini Gerezani nimejikunja kama ndoano. Hapo ndipo jirani mmoja, Mholanzi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, aliponiuzia baiskeli ya kulalia: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, kiti kama cha ufukweni, pedeli ziko mbele ya macho yako, na cheni ndefu utadhani zimeungwa za baiskeli tatu. Unaegemea, unanyoosha miguu, unaondoka. Mgongo ulinyamaza ndani ya wiki tatu. Watoto wa mtaani hawakuhitaji hata siku moja kuipa jina: kitanda.

Kasoro yake ni moja. Nikishakaa, kichwa changu kinalingana na kitasa cha mlango wa gari dogo. Kwa dereva wa teksi mimi ni utosi. Kwa dereva wa daladala mimi ni uvumi. Kwa dereva wa lori, sijazaliwa. Magari ya Barabara ya Morogoro siku hizi nayajua kwa matumbo yao: lipi linavuja oili, lipi bampa lake limefungwa kwa waya, na kwenye mataa ekzosi ya pikipiki ipi inanielekea puani.

Nilinunua kizibao cha rifleta kama cha bodaboda. Mgongo wake wote, penye mistari inayong'aa, unamezwa na kiti. Anayekiona ni yule tunayekutana uso kwa uso, naye siye anayenitisha.

Mholanzi alikuwa ameniachia mlingoti mwembamba wa plastiki, ila bendera yake ilishaliwa na jua. Kwao, alisema, bendera inatosha. Kwao baiskeli ina njia yake na taa zake, kwa hiyo sikubishana naye.

Bendera ya kwanza niliichagua kwa akili: njano, maana njano inaonekana mbali. Fundi cherehani, kwa moyo wake mwema, akaipiga ukingo wa kijani. Manzese walinipigia honi za upendo, bajaji moja ikanisindikiza hadi Argentina. Tatizo ni kwamba ukifika Fire unakata kuingia Mtaa wa Msimbazi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya dabi. Msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa zaidi. Maganda ya machungwa niliyatoa kwenye cheni mpaka Jumatatu.

Nikaweka nyekundu, niishi kwa amani na wenye mtaa. Nikasahau kwamba kwenye barabara zetu kitambaa chekundu kina maana moja tu: ncha ya nondo au mbao iliyochomoza nyuma ya lori. Kweli walinipisha, lakini walikuwa wanatafuta nondo. Pale Mwembechai daladala lilipunguza mwendo, konda akatoa kichwa dirishani akiwa na huruma ya kweli.

"Oya, mzigo wako umedondoka huko nyuma!"

Mke wangu akasema basi, akakata kipande cha kanga yake kuukuu, penye jina. MTANISEMA MPAKA MCHOKE. Hii ndiyo nusura initoe roho. Bendera ikiwa na maandishi, mtu hakai mbali nayo, anasogea asome. Bodaboda moja iliniganda ubavuni vituo viwili vizima kwa sababu abiria alikuwa anamhimiza dereva wake asogee tena kidogo, upepo unakunja neno la mwisho.

Hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya trafiki, Magomeni. Akazunguka kitanda mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Baiskeli, afande."

"Baiskeli mtu anakaa juu yake. Wewe umo ndani."

Sikumlaumu. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda chombo cha namna hii, kilichoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata wakuu wa mbio za baiskeli duniani wakakaa, wakakitazama, wakaamua kuwa si baiskeli. Kama wale, wenye viti na kivuli, walishindwa kunitambua, afande aliyesimama juani tangu alfajiri ningemdai nini? Akaniruhusu niende, ila akaniomba nisimwambie mtu kwamba aliniruhusu.

Siku hiyohiyo, nimesimama kwenye mataa ya Mapipa, mama mmoja akanyoosha mkono kutoka dirishani mwa daladala, akaniangushia shilingi mia mbili mapajani. "Pole, kaka yangu." Taa ikawaka kijani kabla sijapata la kusema.

Kando ya barabara alikuwepo mzee kwenye baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono, sanduku la pipi na sigara magotini. Aliona yote. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wamekupa ngapi, bosi?"

"Mia mbili."

"Bado mgeni. Utazoea."

Kisha akatazama mlingoti wangu. "Hiyo kanga itakuua." Alikuwa na miaka kumi na moja barabara hii hii, akiwa chini kuliko mimi. Nyuma ya kiti chake palisimama ufito, na juu yake CD mbili kuukuu zilizofungwa uzi, zikizunguka kwa upepo na kumetameta hata kwenye kivuli. Za taarabu, alisema. Za injili watu hawatupi.

"Gari usiliangalie," akaniambia. "Mwangalie dereva, kwenye saiti mira yake. Ukiuona uso wake, naye anakuona. Usipouona, wewe hupo. Na usijibane mtaroni kama mdaiwa. Ukijibana, wanajua umepisha."

Nilinunua pipi za elfu moja, akanipa na CD.

Sasa nina taa nyekundu ya nyuma inayowaka mchana kutwa, na bendera ya rangi ya chungwa, isiyo na timu wala maneno. Basi ndugu dereva, saa moja asubuhi pale Shekilango ukiona CD mbili zinakatiza zenyewe hewani, usishangae. Mtu yupo, ila yuko chini. Na yule mama wa mia mbili, ninayo bado; siku tukikutana kwenye mataa, fungua dirisha.