Namna ya Kuishi na Jua Lisilojua Saa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezaliwa popote kati ya Lamu na Mtwara, au kandokando ya Ziwa Victoria, akakua akiamini kwamba jua ndilo mtumishi wa umma pekee anayewahi kazini: linaripoti saa kumi na mbili asubuhi, linaondoka saa kumi na mbili jioni, halijawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Sasa mtu huyo amepata viza na anahamia Stockholm. Akiufuata mwongozo huu bila kuruka mstari, atafanikiwa kuchelewa kazini, kukesha bila sherehe, kuwashinda watoto wake kwa hoja na kumtia mama yake wasiwasi, na yote hayo kabla mkataba wa nyumba haujaisha.

Jambo la kwanza, usiangalie ramani. Ukiiangalia utaona kwamba Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta na Stockholm iko digrii 59 kaskazini, na utaanza kujiuliza maswali ambayo yanaharibu safari. Ondoka na imani uliyokulia nayo. Si imani ya bure: mchana mrefu kuliko yote Dar, karibu na tarehe 21 Desemba, ni wa saa 12 na dakika 31, na ule mfupi kuliko yote, karibu na tarehe 21 Juni, ni wa saa 11 na dakika 44. Tofauti ya mwaka mzima ni dakika 47, nazo zinaingia na kutoka kwa kunyata, sekunde ishirini na kitu kwa siku hata zikiwa mbioni. Hakuna anayezigundua, hata jogoo.

Stockholm mchana mrefu ni wa saa 18 na dakika 37, na mfupi ni wa saa 6 na dakika 5. Mwezi Machi mchana unaongezeka kwa zaidi ya dakika tano kila siku. Ukishikwa na mafua wiki moja ukajifungia ndani, siku ya kutoka utakuta umeongezewa zaidi ya nusu saa ya mwanga ambayo hukuiomba.

Ukishafika, hesabu saa zako kwa jua kama ulivyolelewa. Utafurahi. Mwishoni mwa Juni jua la Stockholm linachomoza saa tisa na nusu usiku. Hakuna kosa la uchapaji hapo: jua, saa tisa na nusu, usiku. Linazama saa nne na dakika nane, usiku vilevile. Mwezi Desemba linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, kiasi kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi zinapanga foleni ndani ya saa tatu. Anayeamka jua linapotoka atafukuzwa kazi Desemba kwa uchelewaji, na Juni atakuwa mlangoni kwa mwajiri kabla mlinzi hajabadilisha zamu.

Desemba hiyohiyo, piga simu nyumbani Tanga ukitoka kidogo nje ya ofisi. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshatoka kazini?"

"Bado, ndiyo kwanza saa tisa. Ila huku giza limeshaingia."

"Giza saa tisa? Hiyo saa yako mbovu. Mimi hapa saa kumi na moja na jua limenijaa ukumbini."

"Mama, huku ni..."

"Sikiliza. Rudi ndani, funga mlango, na mtu asiyejulikana usimfungulie."

Usijaribu kueleza. Watu wamejaribu, na mazungumzo yakaishia kwenye kuombewa dua.

Kwa wenye watoto, hamia na ile sheria kongwe ya nyumba zetu: mtoto awe amerudi kabla ya magharibi. Juni watoto wataitii kikamilifu. Watacheza mpira hadi saa nne usiku, na ukiwagombeza watakuonyesha jua kwa kidole. Desemba sheria hiyohiyo inawataka wawe nyumbani saa nane na nusu mchana, na mwalimu bado hajawaachia. Mtoto yeyote wa miaka minane ataishinda kesi hii bila wakili.

Siku moja utaulizwa, pengine na mtoto huyohuyo, kwa nini mambo yako hivi. Jibu haraka na kwa sauti ya mtu mzima: "Wakati wa baridi jua linakwenda mbali." Jibu hili ni fupi na lina wafuasi wengi duniani. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba si kweli. Dunia hulikaribia jua kuliko wakati mwingine wowote mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali nalo zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Kwa hiyo Mswidi anapokwangua barafu kwenye kioo cha gari, ndipo yuko jirani na jua kuliko alivyokuwa akiota jua ufukweni.

Ukibanwa zaidi, omba chungwa, kijiti cha mshikaki na mshumaa. Chomeka kijiti katikati ya chungwa toka juu hadi chini, kisha kiinamishe kidogo. Dunia yenyewe imeinama digrii 23 na ushee. Lizungushe chungwa lote kuuzunguka mshumaa, na kijiti kiendelee kuelekea upande uleule wa chumba, tuseme dirishani, mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo wengi huharibu, maana mkono hupenda kukigeuza kijiti kila unapokata kona. Ukiuzuia mkono wako utaona kwamba upande mmoja wa meza kichwa cha chungwa kimeuinamia mshumaa, na upande wa pili kimeupa kisogo. Stockholm iko karibu na kichwa. Inapouinamia mshumaa, chungwa likizungushwa kwenye kijiti chake, Stockholm inakaa mwangani muda mrefu na kuchungulia giza kidogo tu. Upande wa pili wa meza, hesabu inageuka. Sasa tazama kiunoni mwa chungwa. Hata kijiti kiiname vipi, kiuno kinapata nusu mwanga na nusu giza. Hicho kiuno ndicho ikweta, na hiyo ndiyo siri yote ya nidhamu ya jua letu. Hakuna jasho tulilolitoa hadi tukalipata. Ukimaliza somo, kula chungwa.

Kuna jambo chungwa halilionyeshi vizuri, nalo ni urefu wa jua angani. Saa sita mchana katikati ya Desemba, jua la Stockholm linapanda digrii 7 tu juu ya upeo. Nyumba ya ghorofa tatu inatosha kulificha siku nzima. Katikati ya Juni linafika digrii 54, na wenyeji wanavua mashati. Jua la Dar likiwa limeshuka kuliko siku zote, saa sita mchana ya Juni, liko karibu digrii 60. Yaani jua letu la chini kabisa liko juu kuliko jua lao la juu kabisa. Ukimweleza Mswidi jambo hili mwezi Januari, mwekee kiti kwanza.

Kwenye suala la funga mwongozo unapunguza mzaha. Dar mfungaji hukaa saa 13 hadi 14 hivi toka alfajiri hadi magharibi, iwe mwezi umeangukia kiangazi au masika. Ramadhani za mwaka 2015 na 2016 ziliangukia Juni, na Stockholm toka jua kuchomoza hadi kuzama peke yake zilikuwa saa 18 na nusu, kabla hujaihesabu alfajiri. Na alfajiri yenyewe ilikuwa taabu kuipata, kwa sababu anga la huko mwezi Juni halifikii giza kamili, na kisichoingia gizani hakina namna ya kupambazuka. Wanazuoni hawakukubaliana: wapo waliofuata mji wa karibu ambao usiku wake unaeleweka, wapo waliofuata saa za Makka. Lakini kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda, zamu hubadilika. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mkazi wa Stockholm atakuwa anafuturu karibu na saa tisa alasiri. Kwa hiyo atakayekutambia kwamba alifunga Ulaya, mwulize kwanza alifunga mwaka gani.

Kama Stockholm haijakukomoa vya kutosha, panda hadi Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Mji huo uko juu ya digrii 69, na ukishavuka digrii 66 na nusu unaingia eneo ambako jua lina likizo rasmi. Tromsø halionekani kabisa toka mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Na toka karibu na tarehe 20 Mei hadi wiki ya tatu ya Julai halizami kabisa, linazunguka tu angani saa 24. Milima inawachelewesha wakazi kuliona linaporudi, kwa hiyo husherehekea tarehe 21 Januari kwa kula maandazi yaliyotengenezwa kwa ajili ya siku hiyo. Kwetu, ambako maandazi huliwa kila asubuhi bila jua kushukuriwa hata mara moja, habari hii inapaswa kutuletea haya kidogo.

Wenyeji nao, usidhani wameliweza. Walipoona jua halisikii, waligeukia saa. Ujerumani iliipeleka saa yake mbele mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili watu waamke mapema na kuokoa nishati ya taa za jioni, na Uingereza ikafuata wiki chache baadaye. Hadi leo, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sehemu kubwa ya Ulaya husogeza mishale, kisha hulalamika wiki nzima. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuiacha desturi hiyo. Bado wanasogeza. Matokeo yake kwako ni kwamba tofauti ya saa na nyumbani ni saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, na ndugu zako watalichukua hilo kuwa ushahidi kwamba unadanganya.

Sasa, kabla hujaanza kulisifia jua la Afrika Mashariki kwenye karamu za watu, jua kwamba nalo lina vituko vyake. Nanyuki, mstari wa ikweta unapokatiza barabara, utaonyeshwa beseni lenye tundu na maji yanayozunguka upande huu kulia na upande ule kushoto. Lipia, furahi, ila beseni dogo vile halina habari na ikweta. Anayeyazungusha maji ni yule anayeyamimina. Jambo la kweli la mahali hapo halionyeshwi kwa pesa: kila siku ya mwaka mchana ni wa saa 12 na dakika 7 hivi. Hizo dakika saba ni bakshishi. Tunahesabu mawio toka ukingo wa juu wa jua unapochungulia, na hewa hupinda mwanga, hivyo tunaliona jua kabla halijafika, na tunaendelea kuliona likiwa limeshaondoka.

Nairobi, jirani kabisa na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata dakika kumi kwa mwaka. Hata hivyo mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika 12, na katikati ya Februari huchomoza saa moja kasoro dakika 17. Nusu saa nzima! Siku imesogezwa yote, asubuhi na jioni, bila kurefushwa. Sababu ni kwamba dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja: inakwenda mbio zaidi inapolikaribia, mwezi Januari, na ule mwinamo wake unaongeza vurugu. Saa ya ukutani haijui lolote kati ya hayo. Novemba jua linaitangulia kwa dakika 16, Februari linabaki nyuma kwa dakika 14.

Halafu kuna Kigoma. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halijausoma waraka huo. Mwezi Julai Dar linatoka saa kumi na mbili na dakika 35, na Kigoma linatoka saa moja na dakika kumi, kwa sababu Kigoma iko karibu digrii kumi magharibi zaidi na kila digrii ni dakika nne. Jirani hapo Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo, saa zinasoma moja pungufu, kwa hiyo jua lilelile linahesabiwa kuwa limewahi. Aliyepanga muda wa kengele ya shule nchini kwetu hakika hakuzaliwa Ujiji, hapohapo Kigoma.

Jumlisha sasa saa zote za mchana za mwaka mzima. Dar zinapita kidogo 4,400. Stockholm, pamoja na Desemba yake yote, zinapita kidogo za Dar. Tofauti ni kwamba wao hulipwa kwa mkupuo na sisi kwa kibarua cha kila siku, na jua lao ni la ubavuni, lisiloweza kukausha hata dagaa. Basi, wewe uliyebaki nyumbani, ukipigiwa simu saa kumi na nusu alfajiri mwezi wa Juni na ndugu yako wa Stockholm, usiruke kitandani kuuliza nani amefariki. Kwake jua limeshatoka, na hana mtu mwingine wa kumsalimia.