Sifa za Paka wa Kumi kwa Kumi

Simba amechorwa mara mbili kwenye ngao ya taifa, ingawa hajawahi kumlalia Mkenya yeyote kifuani saa kumi za usiku. Paka hajachorwa hata ukucha. Kwa kuwa mawakili wana kesi zenye malipo, acha mimi nimtetee, hasa paka wa Kibera, anayeishi na familia nzima katika chumba cha futi kumi kwa kumi na bado anaona kila mtu yuko mbali naye.

Wasiomjua husema akikusugulia shavu miguuni anaomba chakula. Kuomba ni kazi ya watu. Paka ana tezi za harufu shavuni na kidevuni, na kila anapokusugua anakuandikisha kwa jina lake. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, walianza kukaa hapa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Paka wetu aliingia siku ya mvua, akapitisha shavu kwenye mguu wa kitanda, kwenye jiko, kwenye mtungi wa maji na kwenye ndevu za baba, na kufikia jioni usajili ulikuwa umekamilika. Hakuna aliyemwambia faili limepotea. Tangu siku hiyo sisi ni wapangaji wake.

Naye si mwenye nyumba wa kuonekana mwisho wa mwezi tu. Ukienda choo cha kulipia anakusindikiza. Wewe unatoa shilingi kumi, yeye anapita chini ya mlango, kisha anakutazama usoni mpaka umalize. Ukikanda unga wa chapati, ujue kuna mkono wa tatu kwenye beseni. Mtoto akileta ile kazi ya nyumbani ya mtaala wa CBC ambayo mwalimu aliwatungia wazazi, paka hulala juu ya daftari na kukataa katakata kuhama. Kwa hili peke yake angestahili nishani ya Jamhuri Dei.

Lakini utukufu wake hasa uko kwenye upekuzi. Ploti nyingi hapa ni vyumba vya safu chini ya bati moja, na mara nyingi ukuta wa kati haufiki juu kabisa. Sisi uwazi ule unatuletea kikohozi cha jirani na harufu ya vitunguu vyake. Paka ameufanya barabara kuu. Anashuka kwa jirani, anafunua sufuria, anakagua chini ya kitanda, anapanda tena, anahamia chumba cha tatu. Kibera imechunguzwa na wengi: watu wa hojaji, watalii wenye kamera, hata waliopiga sinema ya The Constant Gardener iliyotoka 2005. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba tuko milioni moja, wengine wakiongeza kadiri ya haja zao, mpaka sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Nani alifikiria kumuuliza paka? Yeye anajua kila chumba kina miguu mingapi, maana ameilalia yote. Kibali cha utafiti hana, ni kweli, lakini pia hajawahi kuandika ripoti. Nilimsomea Kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha ya kila mtu nyumbani kwake. Alisikiliza vizuri, kisha akakikalia.

Maadui zake huuliza: na panya je? Swali la haki. Wachuuzi wa dawa bado wanapita na vipaza sauti wakitangaza panya, mende, kunguni, na sijaona biashara yao ikidorora kwa sababu ya paka wetu. Ila tarehe 9 Machi 2018 mahasimu Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono mbele ya Harambee House, na wengi wakawasifu kwa ukomavu. Paka akimwacha panya apite nyuma ya kabati, anaitwa mvivu. Na mngemwona panya mwenyewe, mngetuma wapatanishi.

Hata mezani ana cheo. Minofu ya mbuta wa Ziwa Victoria husafirishwa mpaka Ulaya. Kwetu hufika mgongo wazi, mifupa iliyokaangwa na nyama ya kuchokonoa. Tukishachokonoa, kinachobaki ni chake. Katika msafara mzima wa samaki yule, ni paka peke yake anayelalamika kwa sauti.

Juzi alizaa, kwenye sanduku la jirani, juu ya nguo za harusi.

"Jirani, njoo uchukue wajukuu wako!"

Mke wangu akajibu kwamba wajukuu ni wa mwenye sanduku, kwani si kila usiku Pusi hula kwake? Kabla hawajaelewana, sauti ikatoka chumba cha tatu, juu ya ukuta: "Kwani Askari ni wa kike?"

Saa mbili za usiku tukaanzisha chama cha omena, shilingi ishirini kila chumba kwa wiki, tukachagua na mweka hazina. Mzazi alisikiliza mpaka kura ikapigwa, akanyoosha mgongo, akapanda ukuta kuelekea chumba cha nne, ambacho bado hakijajiunga.