Mhadhara wa Bingwa wa Vikaragosi kwa Wakazi wa Muthangari

Mwenyekiti wa wakazi, wajumbe wa kamati ya maji na taka, askari wa geti, wapangaji mliolipa na nyinyi mnaomkwepa msimamizi wa ploti: itifaki imezingatiwa. Hamjambo? Hamjambo tena? Najua tangazo lilisema kutakuwa na chai na mandazi. Vitakuwepo. Elimu kwanza.

Kwa wasionijua, na inaniuma kwamba bado wapo humu humu Muthangari, mimi ni Bingwa Mkuu wa Vikaragosi kuanzia Waiyaki Way hadi James Gichuru. Nafasi ilitangazwa, akaomba mtu mmoja, akasailiwa vikali na mtu huyo huyo, akapita. Kuna mpangaji wa ghorofa ya nne, simtaji, anayeuliza kama nimewahi kukanyaga Prague, kwa wenye vikaragosi. Nami namuuliza: daktari wa moyo amewahi kuingia ndani ya moyo?

Tuendelee. Mwaka 1920, katika mji wa Plzeň huko Chekia, ule wa bia (naona sasa mmekaa wima), mchezesha vikaragosi Josef Skupa alichongewa kikaragosi aitwaye Spejbl. Mtazameni kwenye picha hii niliyoichapisha kwa pesa zangu: upara mtupu, masikio kama nyungo, koti jeusi lenye mkia, la kuendea karamu, halafu miguuni viatu vya mbao. Ni mtu aliyeanza kujipamba kichwani, pesa zikamwishia magotini. Hajui lolote, na ana maelezo ya kila kitu. Mwulize habari za nyota, atakuhutubia. Mwulize habari za mapafu, vilevile. Nyinyi wa mstari wa pili, sijaona cha kuchekesha hapo, na tafadhali msinitazame hivyo.

Mwaka 1926 akachongwa mwanawe, Hurvínek: kaptula, masikio yale yale, viatu vile vile. Kazi ya Hurvínek ni kuuliza. Baba anaeleza, mtoto anauliza, baba anageuza maelezo, mtoto anauliza tena, mpaka mzee anajikuta amezibiwa njia zote, anabaki na ukali tu. Kila nyumba yenye mtoto wa miaka 8 imeshaonyesha mchezo huu bure.

Sasa sikilizeni siri ya fani, ambayo wenzenu huilipia karo. Baba na mtoto walikuwa koo moja! Skupa mwenyewe ndiye aliyesema sauti zote mbili: ya baba ikitoka tumboni, nzito, ya kujikokota, ya mtoto ikipenya puani, nyembamba, haina breki. Alikuwa akiruka kutoka moja hadi nyingine bila kuvuta pumzi. Hivi: "Hmmm, mwanangu..." "Baba, kwa nini?" "Hmmm, kwa sababu..." Samahani. Maji. Asante, askari.

Kwa nini wamedumu takriban miaka 100? Wasiosoma watawaambia ni ucheshi. Ucheshi huchacha; kinachodumu ni mbao, ambayo haifi na mwenye sauti. Tazameni: Gestapo walimkamata Skupa mwaka 1944, wakamfunga Dresden. Mji ulipopigwa mabomu Februari 1945 akatoroka gerezani, na mwaka huo huo akaanza upya na ukumbi wake Prague. Alipofariki mwaka 1957, sauti zote mbili zilikuwa zimeshahamia kwa Miloš Kirschner, naye baadaye akarithiwa na Martin Klásek. Mwenye koo amezikwa, Spejbl jioni yuko jukwaani. UNESCO nao wakauingiza uchezeshaji wa vikaragosi wa Chekia na Slovakia kwenye orodha ya urithi mwaka 2016, bila kuniomba ushauri.

Na sisi je? Mwaka 2009, Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam tuliyemzoea kwenye Daily Nation, alituletea kipindi cha vikaragosi, XYZ Show, kwenye runinga ya Citizen, akifuata nyayo za Wafaransa na kipindi chao cha Les Guignols. Kibaki wa mpira, Raila wa mpira, katikati yao serikali ya nusu mkate waliyogawana. Hao walikuwa wawili hasa! Lakini kikaragosi chenye sura ya mheshimiwa huzaliwa na tarehe ya kustaafu. Kibaki alitoka Ikulu Aprili 2013, na yule wa mpira angebaki kumchekesha nani?

Wenye kudumu tulikuwa nao kwingine: Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, KBC. Naomba msimame. Kaeni. Mume mwenye maelezo, mke asiyeyameza: Plzeň nzima ilikuwa sebuleni mwetu na hatukujua. Watu waliapa kwamba wale ni mke na mume kweli, ilhali waigizaji wao, Mary Khavere na Benson Wanjau, walikuwa kazini tu. Na Wanjau alikuwa Mkikuyu, akauvaa Ujaluo kwa lafudhi mpaka watu wakamtafutia kwao Nyanza. Alifariki Julai 2015, na Ojwang' akaenda naye kaburini, kwa sababu hatukuwa na mbao ya kumbakizia.

Kwa hiyo nimeamua, na uamuzi hauhitaji kura, kwamba wawili hao watachongwa na kuwekwa hapa Muthangari, katika chumba cha jenereta. Fundi wa vitanda wa Ngong Road amekubali kutoa vichwa viwili kwa bei ya meza moja ya kahawa. Nimempelekea picha. Ameuliza kama Mama Kayai awekewe droo. Sauti ya Ojwang' nitaitoa mimi. Nimeifanyia mazoezi bafuni, na barua ya mwenyekiti kuhusu kelele nimeipokea kama uhakiki wa sanaa. Sauti ya Mama Kayai pia ni mimi, kwa kanuni ya Skupa. Mke wangu amehamishia redio chumbani.

Maswali? Wewe mdogo, uliza, usiogope wasomi. Eti nini? Ojwang' alikuwa Mkikuyu anayemwiga Mjaluo, sasa mimi nikimwiga Ojwang' nitakuwa namwiga nani?

Hmmm. Swali zuri. Jibu lake lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kwamba... sehemu ya pili inategemea ya kwanza... Huyu mtoto ni wa nani? Na mbona saa hizi hajalala?