Sifa za "Mfumo Unazingua"

"Mfumo unazingua" ni ripoti ya kasoro ambayo mtumiaji wa programu huituma kwa wanaoitunza bila kutaja toleo, bila kutaja kivinjari, bila kueleza alikuwa anafanya nini kasoro ilipotokea, na wakati mwingine bila jina lake mwenyewe. Katika miradi ya programu huria, ambako msimbo uko wazi na yeyote anaruhusiwa kufungua ishu, ripoti hii haina heshima hata chembe. Miongozo ya wachangiaji huitaja kama mfano wa kisichotakiwa, watunzaji huilalamikia, roboti huifunga, na hakuna mfadhili aliyewahi kuiweka kwenye taarifa yake ya mwaka. Fadhila zake hata hivyo ni nyingi, na mkoa wa Singida ni mahali pazuri pa kuzitazama, kwa sababu huko hustawi hata mwaka ambao alizeti imegoma.

Makao yake makuu mkoani humo ni sekta ya afya. Zahanati na vituo vya Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi na Singida yenyewe hujaza kwa kalamu rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 12 cha wodi ya wazazi, na ndugu zake. Mwezi ukiisha, hesabu hujumlishwa kwenye fomu, fomu hupelekwa halmashauri, na mratibu wa MTUHA huziingiza tarakimu kwenye DHIS2. Kituo chenye kompyuta na mtandao huingiza chenyewe. DHIS2 ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994, leo huendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika katika nchi zaidi ya 70, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoifanyia marekebisho ya hapa nyumbani. Leseni yake humpa kila mtu haki ya kuusoma msimbo wote, kuubadili na kuugawa. Kwa hiyo muuguzi wa Mgandu au Kinyangiri ni mwanajumuiya kamili wa mradi wa kimataifa. Hajaambiwa tu.

Nasaba ya ripoti hii si ya kubezwa. Debian ilianza kuweka kasoro zake kwenye mfumo wenye namba mwaka 1994, na mwaka 1998 Terry Weissman akatengeneza Bugzilla kwa ajili ya mradi wa Mozilla. Bugzilla ilileta pia mtindo wa hukumu ambao miradi mingi imeurithi: hii imerudiwa, hii si halali, hii haitarekebishwa, na iliyo tukufu kuliko zote, "kwangu inafanya kazi". Hukumu hiyo ya mwisho haina rufaa, kwa kuwa daima ni kweli. Kwa mtengenezaji programu inafanya kazi. Kompyuta yake ni mpya, umeme haukatiki, na seva ya majaribio iko jirani. Ripoti mbovu nayo haibishani naye hata kidogo. Haidai kwamba programu ni mbaya. Inasema tu kwamba huku imegoma, na hiyo nayo ni kweli. Kati ya pande hizo mbili ni moja tu inayokumbuka kwamba kuna mahali pawili.

Umbo lake lastahili kutazamwa kwa karibu. Huanza na salamu: "Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu." Hufuata kiini: "Mfumo unazingua tangu asubuhi, kiduara kinazunguka tu." Kisha: "Naomba msaada." Hapo fomu rasmi ya kuripoti kasoro, yenye vipengele vya hatua za kufuata, matokeo yaliyotarajiwa na matokeo yaliyopatikana, huwa imeachwa tupu yote. Badala yake hushushwa kwenye kundi la WhatsApp picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imeinama upande, mwanga wa dirisha umelala katikati yake, na kwenye ukingo kipo kidole gumba cha mpigaji.

Picha hiyo huwaudhi wataalamu, ambao hutaka skrini inaswe na kompyuta yenyewe na ikatwe vizuri. Lakini ikikatwa vizuri huondoka na pembe ya chini kulia, mahali ilipo saa. Na kuna siku ambayo saa hiyo inasoma Januari 2009. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta imekufa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma, na kivinjari, kinachoamini kwamba bado ni 2009, kinakataa cheti cha usalama cha seva kwa kuwa muda wake haujaanza. Seva ni nzima, mtandao ni mzima, programu ni nzima. Tiba ni betri inayouzwa kwenye duka la saa mjini Singida. Hakuna fomu ya ishu yenye kipengele kinachouliza kompyuta yako inadhani leo ni mwaka gani, na mchangiaji hodari, aliyejaza kila kipengele kwa uaminifu, asingelitaja jambo hilo kamwe. Gumba limelitaja.

Fadhila ya pili ni unyofu, na thamani yake huonekana pale inapoanza kupotea njiani. Zahanati inasema kiduara kinazunguka. Ngazi ya halmashauri, ujumbe unakuwa "mtandao ni hafifu". Mkoani unapanda cheo na kuwa "watumiaji wanahitaji kujengewa uwezo", maneno ambayo tayari yana harufu ya semina, chai na posho. Ukifika Dar es Salaam unavikwa Kiingereza, unapewa namba na kipaumbele cha kati. Unaweza kabisa kufika Ulaya ukiwa ombi la kuboresha alama ya kusubiri, na likatekelezwa kwa moyo mmoja, toleo linalofuata likaja na kiduara kizuri zaidi. Muda nao husafishwa njiani. Saa tatu asubuhi ya Kiomboi, ikiandikwa "3:00" na mtu mwenye haraka, hutafutwa kwenye kumbukumbu za seva za alfajiri, wakati Kiomboi nzima imelala. Katika safari yote hiyo, toleo pekee la ujumbe lisilo na uongo ndani yake ni lile la kwanza, ambalo kila ngazi iliona aibu kulipeleka juu.

Majibu yanayorudi chini ni machache, na la kwanza daima ni "futa kashe". Hapa ripoti mbovu hutoa huduma ambayo mradi haukuiomba. Ukurasa wa kuingizia takwimu wa DHIS2 una uwezo wa kuhifadhi tarakimu ndani ya kivinjari pale mtandao unapokatika, ili zitumwe baadaye. Ni kazi nzuri ya uhandisi, iliyofikiriwa kwa ajili ya mahali kama Itigi. Anayefuta kila kitu kilichomo kwenye kivinjari, kama alivyoshauriwa, hufuta pia tarakimu zile ambazo bado hazijaondoka. Mwezi mzima wa malaria, chanjo na mahudhurio ya kliniki unatoweka kwa ushauri wa kitaalamu. Mtumaji akirudi kwenye kundi na kuandika "sasa imekuwa mbaya zaidi", ameripoti jambo la pili, muhimu kuliko la kwanza, kwa maneno manne. Kitabu cha karatasi, bahati nzuri, hakina kashe.

Marudio ndiyo sifa inayochukiwa zaidi. Mtunzaji mwema hupenda kila kasoro iwe na ishu moja, na anayefungua ya pili huambiwa angetafuta kwanza. Ripoti za Singida hazitafuti kwanza. Ni kama kuku wa kienyeji wa mkoa huo: hujizalia, hujitafutia, hazina banda, na zote huonekana kwa pamoja siku ya safari. Siku hiyo ni mwanzoni mwa mwezi, nchi nzima inapoharakisha kuingiza takwimu kabla mlango haujafungwa. Ripoti kumi zinazofanana kutoka wilaya tano ndani ya asubuhi moja ni kipimo cha mzigo wa seva ambacho hakikugharimu shilingi. Anayezibandika tisa kati yake lebo ya "imerudiwa" amevunja kipimajoto ili kupunguza homa.

Kuhusu umri, ripoti mbovu ina subira isiyopatikana kwa wanadamu. Ishu namba 1 ya Ubuntu ilifunguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mnamo Agosti 2004; ililalamika kwamba Microsoft ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la kompyuta, na ilikaa wazi hadi Mei 2013. Kasoro ya Firefox kuhusu vijielezo vinavyobaki juu ya madirisha ya programu nyingine iliripotiwa 2002 na kurekebishwa 2023, umri wa mtu aliyekwisha piga kura. Miradi ya leo haina moyo huo. Mingi imeajiri roboti ambayo, isipopangwa vinginevyo, huibandika ishu lebo ya kuchacha baada ya siku 60 za ukimya na kuifunga baada ya siku 7 zaidi. Timu za halmashauri, kwa upande wake, huzungukia vituo kwa usimamizi shirikishi kila robo mwaka, siku 90 hivi. Hesabu ni nyepesi: roboti hufunga shauri takriban wiki tatu kabla ya kufika kwa mtu ambaye angeweza kulieleza. Masika yakikata barabara ya Rungwa, muda huongezeka. Roboti haina taarifa za barabara.

Wapinzani wa ripoti hii husema mradi huria hujengwa na wachangiaji nadhifu. Unadhifu umejaribiwa. Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest iliyotoa fulana kwa wachangiaji ilifurika mapendekezo yenye umbo rasmi, mengi yakiongeza neno moja lisilo na maana kwenye faili la maelezo, mpaka waandaaji wakalazimika kubadili kanuni ndani ya siku chache. Daniel Stenberg, mtunzaji wa programu huria ya curl, amekuwa akilalamika tangu 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizoandikwa na akili unde: ndefu, zenye vichwa vya habari, zenye adabu, na za kasoro ambazo hazipo. Na katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, mchangiaji aliyejiita Jia Tan alianza mwaka 2021 kutuma kazi safi, akajibu kwa upole, akapewa ufunguo wa utunzaji, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungefungua seva nyingi duniani. Aliyemkamata, Andres Freund, Machi 2024, hakuwa ametumwa kukagua usalama. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa lugha ya Singida: mfumo ulikuwa unazingua.

Uadilifu unadai kukiri kwamba katika kisa hicho hicho yalikuwepo pia majina yaliyomsonga mtunzaji wa awali kwa malalamiko, hadi akakubali kupunguziwa mzigo. Lakini hao walilalamikia kasi ya mtu, tena kwa Kiingereza kilichonyooka. Ripoti mbovu halisi haijui hata kama kuna mtu upande wa pili. Hulalamikia mfumo, na huomba radhi kwa usumbufu.

Adabu yenyewe haikuhitaji kutungiwa kanuni. Septemba 2018 Linus Torvalds aliomba radhi hadharani kwa lugha aliyozoea kuwatolea wachangiaji wa Linux, akakaa pembeni wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Miradi mingine mingi ina waraka wa namna hiyo, wenye vifungu na kamati. Muuguzi ambaye kiduara kimemzungukia tangu asubuhi, foleni ya kina mama ikiwa nje, huanza kwa kuwapa pole wale ambao programu yao imemkwamisha. Hakuna kamati iliyowahi kuandika kifungu kinachodai kiasi hicho.

Mwisho wa ripoti hii kwa kawaida ni wa kimya. Mtunzaji huandika kwa Kiingereza kuomba maelezo zaidi, lakini mwenye maelezo hayumo kwenye mazungumzo. Yumo mtaalamu wa Dar es Salaam, ambaye humuuliza wa mkoa, ambaye humuuliza wa halmashauri, ambaye tarehe hiyo ameshamaliza jambo kwa njia yake: ameletewa fomu ya karatasi kwa bodaboda, ameketi usiku mtandao ulipotulia, ameingiza tarakimu mwenyewe. Kituo kinahesabiwa kuwa kimeripoti kwa wakati. Kwenye orodha ya shukrani za toleo jipya hutajwa waliotuma msimbo. Ishu hufungwa kwa lebo ya kukosa taarifa, na huko zahanati hakuna anayejua kwamba ujumbe ule ulipewa namba.