Namna ya Kuhakiki Gemu Ambayo Hukuimaliza

Mhariri anataka makala Ijumaa. Leo ni Jumatano usiku, na mbele yako kuna gemu yenye maneno zaidi ya milioni moja. Usitoe jasho, ndugu yangu. Sogea hapa tuelewane.

Tuchukue mfano wa kweli: Torment: Tides of Numenera, kazi ya kampuni ya inXile Entertainment ya Marekani, iliyotoka tarehe 28 Februari 2017. Ni gemu ya kuvaa uhusika, ya kusoma kuliko kupigana, na dunia yake ni hii hii yetu baada ya miaka bilioni moja. Staarabu nane zimeinuka na kuanguka. Watu wa tisa wanaishi juu ya mabaki ya mitambo wasiyoielewa, na nusu yake wanaiita uchawi. Kuna bwana mmoja aliyegundua namna ya kuhama kutoka mwili hadi mwili ili asife. Kila mwili anaouacha huamka ukiwa na akili zake. Wewe ndiye mwili wa mwisho kuachwa, na unaamka ukiwa unaanguka kutoka angani. Haya yote gemu inakupa mapema kabisa, na yanatosha aya nzima. Umeshaanza kazi.

1. Piga hesabu, kisha ifunike. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika, maneno milioni moja yanataka saa 83, hapo hujala wala hujalala. Ila tulia. Gemu hii kila uamuzi unafungua mlango mmoja na kufunga mingine, kwa hiyo hata aliyeimaliza hakuyasoma yote. Yeye kasoma kipande, nawe umesoma kipande. Chako kifupi kidogo, basi.

2. Saa za mwanzo zicheze kwa uaminifu. Hapa sitaki utani. Jioni moja nzima, simu mbali, daftari karibu. Unachotafuta ni kitu kimoja cha ajabu ambacho utakieleza kwa utulivu, kama mtu aliyeona mengi na kuchagua hicho.

Mimi ningechukua askari wa Sagus Cliffs, mji wa kwanza. Anayetaka uraia pale anakatwa mwaka mmoja wa uhai wake. Mwaka huo hautupwi: unatengenezewa kiumbe, na kiumbe hicho ndicho kinacholinda mji mpaka mwaka uishe, nacho kiishe. Unapita barabarani, unapishana na mlinzi asiye na sura ya kukumbukwa, halafu unaambiwa huyo ni miezi kumi na miwili ya mtu fulani inatembea. Liandike hilo bila kupaza sauti. Msomaji ataapa umekaa na gemu hii mwezi mzima.

Weka akiba pia. Kuna mtoto wa kike anaitwa Rhin, anayezungumza na mungu wake mdogo wa jiwe. Aliandikwa na Patrick Rothfuss, mtunzi wa riwaya mwenye wapenzi wengi. Mtumie Rhin pale makala yako itakapoanza kuwa kavu. Mtoto na jiwe lake hawajawahi kumwangusha mhakiki. Na mahali fulani, kwa sentensi moja tu, taja Bloom, makazi yaliyo ndani ya mwili wa kiumbe hai kikubwa, ambacho midomo yake ikilishwa hufunguka na kukupitisha kwenda kwingine. Bloom iko mbali sana na mwanzo. Anayeitaja huhesabiwa kuwa amefika.

3. Mtaje mzee wake. Gemu hii ina mzazi: Planescape: Torment ya mwaka 1999, ya Black Isle Studios, iliyosukwa chini ya Chris Avellone. Wakati wake haikuuza kwa kishindo, lakini waliocheza hawakuisahau, na wengi wao wakaja kuwa wahakiki. Ndiyo maana sehemu nzuri ya tahakiki za 2017 ziliandikwa kuhusu 1999. Ile ya kwanza iliuliza ni kitu gani kinaweza kubadili tabia ya mwanadamu; hii inauliza uhai wa mtu mmoja una uzito gani. Andika kwamba mtoto anamheshimu mzee ila hajamfikia. Hakuna atakayekubishia. Nani apigane na gemu aliyoicheza akiwa na miaka kumi na sita, likizo, hana kodi ya kulipa?

Kama hata hiyo ya 1999 hukuigusa, usijitie kwenye undani. Andika "enzi zile", weka nukta, songa mbele.

4. Sifa na lawama ziwe kitu kimoja. Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tuliza macho.

Wahakiki waliipenda gemu hii kwa sababu ya maandishi yake. Walioilalamikia waliilalamikia kwa sababu ya maandishi yake. Mara nyingi ni mtu yule yule, ndani ya aya ile ile. Hii ni neema. Maana yake huhitaji kujua upande ulipo. Unahitaji tu kiunganishi. Anza na "uandishi wa kiwango cha juu", pachika "ingawa wakati mwingine", malizia na "inadai subira kwa mchezaji". Hilo la mwisho wenzako wote wanalielewa: lina maana kwamba ulisinzia. Lakini msomaji wa kawaida anasikia kwamba wewe unayo subira, yeye ndiye atakayepimwa.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna ngao ya ziada ambayo mhakiki wa London hana. Gemu hii haina toleo la Kiswahili. Ukichoka, unasema Kiingereza chake ni kizito, tena cha kubuni, kimejaa majina ya vitu visivyokuwepo. Ni kweli tupu, na inafunika usingizi wote.

Sasa nikunong'oneze: hapa kuna hoja halali kabisa, na ni aibu kuiacha. Kila mpita njia katika gemu hii ana ajabu yake. Huyu ana kumbukumbu za wengine, yule anatoka dunia nyingine, kijiwe kinachong'aa kina maelezo aya tatu. Ajabu ikiwa kila mahali, bei yake inashuka. Ukifika kwa mtu wa ishirini, unatamani kukutana na mwuza samaki asiye na siri. Iandike hoja hiyo na utaonekana mtu wa fikra. Ila mifano iishie miwili. Wa tatu huna.

5. Mapigano yanapwaya. Andika hivyo hivyo. Ni ya zamu, ni machache, na mengi yake unaweza kuyamaliza kwa mdomo kabla ngumi haijainuliwa. Kwa hiyo mhakiki asiyepigana hata mara moja hajadanganya. Kacheza gemu kama ilivyokusudiwa.

Tena ukishindwa jambo, ushindwe kwa fahari. Waundaji walikusudia kushindwa kuwe na ladha: ukikosa kumshawishi mtu au kufungua mtambo, kisa hakisimami, kinapinda njia nyingine, na mara nyingi hata ukifa unarudi kupitia akilini mwako mwenyewe. Ukikwama kwa uzembe, basi, andika: "Gemu inaheshimu kushindwa." Sentensi nzuri hiyo, na umeilipia kihalali.

6. Maneno yakikuishia, andika pesa. Aya hii haihitaji hata kuwasha kompyuta. Machi 2013 kampuni ilipitisha bakuli kwenye Kickstarter ikiomba dola 900,000. Likajaa siku hiyo hiyo, na mchango ulipofungwa zilikuwa zaidi ya dola milioni 4 kutoka kwa watu zaidi ya 74,000. Ahadi ilikuwa mwisho wa 2014. Gemu ikatoka 2017, na baadhi ya vilivyoahidiwa kwa nyongeza ya michango vikawa vimekatwa kimyakimya, hadi wachangiaji walipong'amua na kuwaka. Lisimulie hilo kwa sauti ya mtu aliyefuatilia faili. Kasirika kidogo kwa niaba ya waliochangia, lakini usipitilize. Nakala za wahakiki hugawiwa na watu wenye kumbukumbu nzuri.

7. Muda haukutosha, na si wewe tu. Huko Marekani, siku gemu hii inatoka ndiyo siku iliyotoka Horizon Zero Dawn. Siku tatu baadaye ikaja Zelda mpya, Breath of the Wild, pamoja na mashine yake ya Switch. Wiki hiyo hiyo haijapoa, NieR: Automata ikafika nchi za Magharibi. Unafikiri nani alikuwa anasoma aya tatu za kijiwe?

8. Toa nane. Saba itakuletea wapenzi wa gemu mlangoni. Tisa, utaulizwa maswali. Nane hakuna anayeitazama mara mbili. Kwenye Metacritic wastani wa toleo la kompyuta ulitulia kwenye 81, kwa hiyo hata ukikosea umekosea katika umati. Kama umepewa toleo la PlayStation 4 au Xbox One, punguza nusu alama na useme picha zinakwama. Zilikuwa zinakwama.

9. Jiandae kwa aliyeimaliza. Yupo, na atakutafuta. Atakuuliza mwisho uliuonaje. Mbele za watu, jibu ni moja: hutaki kuwaharibia ambao hawajafika. Watakushukuru kwa adabu yako.

Akikubana faraghani, usijibu, muulize, "Wewe mwisho ulichagua nini?" Gemu hii ina miisho zaidi ya mmoja, na mtu aliyetumia saa thelathini kufikia wa kwake amekuwa akingoja miaka aulizwe. Atakueleza yote: alimtoa nani, alimwokoa nani, aliambiwa nini, kwa nini wewe ungefanya kama yeye. Tikisa kichwa, agiza chai nyingine, na uandike kila kitu. Mwaka 2027 gemu itatimiza miaka kumi, na mhariri atataka makala.