Miaka 47 na Cherehani

Kuna watu hawajui siku yako ya kuzaliwa, hawajawahi kukununulia hata soda ya pongezi, lakini umri wako wanaujua kuliko RITA iliyokuandikia cheti. Miaka yote uliyokaa kwenye kiti kilekile cha ofisi, ukipauka taratibu pamoja na mapazia, wamenyamaza. Siku unayotamka kwamba unataka kubadilisha kazi, ndipo wanapoanza kukuhesabia. "Kwa umri huo?" Swali hili nimeulizwa na mke wangu, mama mkwe, mjumbe wa nyumba kumi, na kijana anayeng'arisha viatu pale kituoni, ambaye alisimamisha brashi hewani ili aulize vizuri.

Umri wenyewe ni miaka 47. Kazi yangu ni uhasibu katika kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, kampuni ambayo siitaji kwa kuwa bado inanilipa. Ninachotaka ni kushona. Na si kushona kwa kujifurahisha, la. Ni kushona suruali za watu, kwa fedha, kwenye kibaraza, futi ikiwa shingoni.

Mama Neema nilipomwambia aliweka kijiko chini. "Baba Neema, umekutana na nani?" Nikasema sijakutana na mtu. Akaniangalia kama anayetafuta alama ya mahali nilipochanjwa. Kesho yake mama mkwe alikuwa ameshapiga simu Korogwe, Korogwe ikapiga Tanga, na Jumapili kikao kikakaa sebuleni kwangu, kwa soda zangu, kujadili ugonjwa wangu. Baba mdogo alitaka kujua kama kuna wizi kazini ninaoukimbia. Shemeji yangu, mtu mpole sana, akasubiri wazee wamalize, akasema: "Shemeji, kama umechoka na ofisi tunakuelewa. Si ufuge kuku tu?"

Nchi hii tumekubaliana, bila hata kupiga kura, kwamba kila anayetaka kubadilisha maisha ni mfugaji wa kuku ambaye hajajitambua. Umemaliza chuo huna kazi? Kuku. Umepunguzwa kazini? Kuku. Umestaafu? Kuku, tena wa mayai, maana muda unao. Miaka kadhaa nyuma walikuwa kware, na mayai yao yalisemwa kutibu kila kitu kuanzia presha hadi ndoa. Kware walipokosa wanunuzi tukaambiwa sungura. Kisha yakaja matikiti maji, ambayo kwenye karatasi ekari moja inakununulia bajaji na shambani inakununulia dawa ya mgongo. Lakini yote hayo hupita, na kuku hubaki.

Mimi ni mhasibu, nikamwomba shemeji hesabu. Akafungua simu: vifaranga mia tano wa nyama, wiki sita, toa gharama, faida hii hapa. Kwenye hesabu ile hakuna kifaranga anayekufa. Hakuna mdondo, hakuna gumboro, na umeme haukatiki usiku wa mvua vifaranga wakarundikana kona moja na kukandamizana. Chakula, ambacho mfugaji yeyote atakwambia ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya mtaji, kimeandikwa kwa bei ya mwaka ambao bila shaka mahindi yalikuwa yakigawiwa bure. Na wiki ya sita wanunuzi wanapanga foleni getini, ilhali mtaa mzima umeingiza vifaranga siku ileile kwa kuwa wote walihudhuria semina moja. Nikamuuliza banda lake yeye liko wapi. Akasema bado anafanya utafiti.

Basi nikaona niwaridhishe. Kama ni lazima nibaki na makaratasi, nibadilishe walau mwajiri, niingie serikalini. Nikafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, nikachagua tangazo la mhasibu, nikasoma sharti la kwanza: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Uraia ninao.

Kwa kuwa siwezi kuiona namba nikaiacha ikae peke yake, nikaipigia hesabu. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Pensheni inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60: inabaki 45 kamili, haibaki hata chenji. Kwa hiyo hakuna aliyenichukia, ni hesabu tu, na mhasibu hana ubavu wa kugombana na hesabu. Ningeweza kueleza kwamba michango ninayo tayari kwenye mfuko mwingine, ila fomu haina sehemu ya kubishana. Kununa, hata hivyo, hakujakatazwa popote, na ninanuna.

Tena nikanuna zaidi nilipokumbuka Katiba. Anayetaka ubunge anatakiwa awe ametimiza miaka 21 na awe anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anayetaka urais awe ametimiza 40. Huko juu hakuna ukomo; mtu wa miaka 80 akichukua fomu, atapewa na kusindikizwa kwa matarumbeta. Maana yake mimi nimechelewa kuwa karani wa halmashauri, lakini kuwa rais wa nchi nimewahi sana. Sugu alitoka kwenye hip hop akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akafuata mwaka 2015 kule Mikumi, na Mwana FA mwaka 2020 kule Muheza. Sijasikia kwamba kuna ukoo uliokaa kikao kuuliza hawa vijana wamekutana na nani. Mwanamuziki akitaka Bunge tunampigia makofi. Mhasibu akitaka cherehani anatafutiwa maombi.

Msidhani kwamba wenye umri mdogo wamepona. Mpwa wangu ana miaka 25 na shahada ya mipango miji. Kila tangazo analosoma linamtaka awe na uzoefu wa miaka mitatu. Akiuliza uzoefu unapatikana wapi bila kazi, anaambiwa ajiajiri. Akajiajiri, sasa anaendesha bodaboda, na walewale wanamwambia ameidhalilisha shahada. Yeye anasema angalau ndiye mwendesha bodaboda pekee kijiweni kwake anayeweza kueleza kwa nini barabara ya mtaa wetu inaishia kwenye ukuta wa mtu.

Dada yangu mdogo aliacha benki akiwa na miaka 33 akaenda kusomea uuguzi. Shangazi alilia, si kwa sababu ya mshahara, bali kwa sababu mwanamke wa umri ule alitakiwa awe anashughulikia jambo jingine, na wote sebuleni tulijua ni jambo gani. Darasani wenzake walikuwa watoto wa juzi, wanamwamkia shikamoo. Mkufunzi naye alikuwa mdogo kwake, akawa anamwamkia shikamoo. Ikawa chuo kizima hakuna wa kumkemea akichelewa. Alimaliza, yuko wodini, na shangazi huyohuyo akipandwa na presha ndiye wa kwanza kumpigia.

Ila aliyenisikitisha ni mjomba. Mjomba alifundisha hisabati shule za msingi maisha yake yote ya kazi, akafika 60, akakabidhi chaki. Wakati huo kikokotoo kilikuwa kinampa asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo. Ile ya 40 ilikuja na bajeti ya 2024. Asilimia 33 au si 33, siku fedha ilipoingia mji mzima ulijua. Ndugu tuliodhani wamefariki wakafufuka. Mmoja alikuja na kiwanja Kigamboni ambacho kilikuwa na wenyewe wanne. Mwingine alikuja na kuku, bila shaka. Mjomba akawakwepa wote kwa ujasiri mkubwa, akanunua Coaster.

Kazi ya mstaafu mwenye daladala ni kukaa barazani saa tatu usiku akisubiri hesabu. Hesabu huja imefunikwa na hadithi. Leo, mzee, trafiki wametukamata. Leo, mzee, ni boksi ya gia. Leo abiria hawakuwepo, mzee, sijui watu wote wameenda wapi. Konda anayeleta hadithi hizi alikuwa mwanafunzi wake darasa la tano, na mjomba anakumbuka kabisa kwamba alimpa sufuri ya hisabati. Sasa sufuri ile inamtoa mwalimu jasho kila usiku kwa mahesabu ambayo hayana kosa hata moja, ila fedha haipo. Nilimuuliza kwa nini asingepumzika tu. Akasema nchi hii hakuna kupumzika, hata Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akaenda zake kulima Butiama, wakamfuata hukohuko, hadi anafariki mwaka 1999 alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Nikakubali, ingawa Burundi na Coaster ni vitu viwili.

Nikiwa katika hali hiyo, rafiki mmoja akanilipia semina ya kujitambua. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kikali, kijana aliyevaa suti inayombana mapajani (tayari nilikuwa naangalia mishono) akatupigia kelele kwamba umri ni namba tu. Mtu asiyefanya kazi na namba ndiye anayeweza kusema "namba tu". Mfano wake ulikuwa Kanali Sanders wa Marekani, aliyeanza kuwauzia wengine haki ya kutumia mapishi yake mwaka 1952 akiwa na miaka 62. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika kichwa: nimekimbia sebuleni kwangu, nimevuka mji mzima, nimefika hadi Kentucky, na huko pia nimewakuta kuku. Tena kijana hakusema kwamba mzee yule alikuwa akiwapikia wasafiri pale Corbin tangu mwaka 1930. Miaka 62 ndiyo aliyofika nayo sokoni; sufuria alishaishika zamani.

Mfano wangu mimi ni Kimani Maruge wa Eldoret. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2004 mzee huyu, mwenye miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu akaenda kuandikishwa darasa la kwanza. Hakwenda kutafuta utajiri wala kumtia mtu hamasa. Alitaka aisome Biblia mwenyewe na aweze kuhesabu fedha zake. Hiyo ni sababu. Na hapa kwetu pia tulikuwa hatuulizani umri: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wakaenda kisomo jioni, watoto mgongoni, wakirudi wanaandika majina yao kwenye vumbi la uani. Sijui ni lini tuligeuka tukawa taifa la kuulizana vyeti vya kuzaliwa.

Mtaniuliza kwa nini siachi kazi leo. Nimeangalia hilo nalo. Mfuko wetu wa hifadhi ya jamii una fao la kukosa ajira, lakini sharti mojawapo ni kwamba uwe hukuacha kazi kwa hiari yako. Ukifukuzwa unashikwa mkono. Ukiamua mwenyewe, subiri uzee. Nimekaa nikawaza namna ya kumuudhi bosi kiasi cha kunipunguza bila kiasi cha kunishtaki, ila mpaka huo ni mwembamba na bosi wangu ni mvumilivu kupita kiasi. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa naendelea na vitabu vyake.

Jumamosi niko soko la Mchikichini, Karume, kwa fundi anayenifundisha. Ana miaka 29. Ananiita mzee, ananipokea kwa shikamoo, kisha ananiambia, "Mzee wangu, naomba ufagie hizo nyuzi." Nafagia. Heshima na ufagio vinakuja pamoja na sina malalamiko, au ninayo machache. Huko Karume watu wananunua suruali za mtumba asubuhi na kuzileta zipunguzwe kabla hawajafika nyumbani, kwa hiyo kazi haikauki. Nimeshajua kubana kiuno, kukata pindo, kubadilisha zipu, na kuendesha ovaloki bila kuacha kidole humo. Somo lililonishinda ni moja: fundi anataka nijifunze kumwambia mteja "njoo Ijumaa" huku nikijua Ijumaa haitawezekana. Anasema mteja akikuta nguo yake iko tayari siku aliyoambiwa, ataanza kujiuliza kama ni yake kweli. Hapo nimekataa. Uhasibu nitauacha, tarehe siziachi.

Mama Neema hasemi tena kwamba nimerogwa. Wiki iliyopita aliniletea gauni, akaniambia limebana, nililegeze, na nisimwambie mama. Nikalilegeza. Hakulipa.

Wengine mtalipa. Suti bado sijafika, kwa hiyo msije na vitambaa vya harusi. Wenye suruali za kupunguza, zipu zilizokufa na lupu za mkanda zilizokatika, leteni Jumamosi pale kwa fundi Karume kuanzia saa tatu asubuhi, mlango wa upande wa barabara. Nusu unalipa unapoacha mzigo, nusu unapochukua, na risiti natoa.