Barua ya Wazi kwa Wizara ya Uhamiaji ya Kanada Kuhusu Uchakavu Wangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia,
Ottawa, Kanada.

Mheshimiwa,

Mimi ni mhasibu hapa Mombasa. Kila mwisho wa mwaka kazi yangu ni kupitia daftari la mali za kampuni na kushusha thamani ya kila kilichotumika: malori, kompyuta, viti vya ofisi. Sisi twaita uchakavu. Nilidhani ni jambo la vitu tu, mpaka nilipofungua jedwali lenu la pointi za wataalamu wa kigeni wanaoomba ukaazi wa kudumu. Hongereni. Sijaona daftari la mali lililopangwa kwa unadhifu kama lile, na safari hii mali yenyewe ni mimi.

Kwa msomaji asiyelijua: tangu Januari 2015, mtaalamu anayepitia mlango uitwao Express Entry huvuka kwanza kizingiti cha ustahiki, kisha hupangwa kwenye foleni na wenzake kwa alama 1,200. Wa juu huitwa. Waliobaki husubiri, na usajili wao hufa baada ya miezi 12.

Mwenye mke au mume hupewa pointi 100 za umri mpaka miaka 29. Akitimiza 30 zinaanza kumtoka 5 kila siku ya kuzaliwa. Hiyo ni njia ya mstari mnyoofu, twaifahamu. Ila baada ya 40 mnabadilisha njia katikati ya maisha ya mali, jambo ambalo mkaguzi yeyote wa hesabu angelihoji, na zinaanza kutoka 10 kwa mwaka. Akifika 45 anasomeka sifuri. Mimi nina miaka 36, thamani yangu ni 65. Mke wangu alipouliza mbona mwaka huu sitaki keki, nilimwonyesha jedwali.

Sina mdomo mpana wa kulalamika. Hapa bandarini kwetu pia gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini. Lakini gari hatulitozi ada ya mtihani wa Kiingereza kabla ya kulikataa.

Ndoa nayo mmeitafutia safu yake. Kapera anaweza kufikisha pointi 500 kwenye sehemu ya msingi. Mwenye mke mwisho wake 460, na zile 40 zilizokatwa sharti zirudishwe na mke mwenyewe, kwa vyeti vyake vilivyothibitishwa, mtihani wake wa lugha, na kazi aliyowahi kuifanya huko kwenu. Mke asiye na karatasi hizo anaingia upande wa madeni. Kwa huruma yenu mmeacha upenyo: mwombaji akitamka kwamba mwenzake hatasafiri naye, anahesabiwa kama kapera papo hapo. Wakala mmoja wa mjini alinishauri nifanye hivyo, kwa sauti ileile ambayo angeniambia nitoe nakala ya kitambulisho. Nilimuuliza watoto nao niwaandike wapi.

Sasa kazi, maana mlisema mnatafuta wafanyakazi. Mwaka mmoja wa kufunga hesabu Winnipeg kwenu unampa mtu mwenye mke pointi 35 za msingi. Miaka yote ya kufunga hesabu Mombasa, kwenye safu hiyohiyo, haina hata moja. Inabidi isubiri kwingine, iunganishwe na matokeo mazuri ya lugha ndipo ipate kitu, na huko nako mnaacha kuhesabu mtu akifika miaka 3. Aliyeanza juzi na aliyezeekea kwenye fani wanakaa benchi moja, tofauti yao ni kwamba yule mzee mmeshamkata pointi za umri alipokuwa akijifunza kazi. Nafahamu kwamba Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka mwaka 2013 kuwa mwajiri anayeng'ang'ania uzoefu wa Kanada pekee anabagua. Pengine ilisahau kuwatumia nakala.

Kuhusu barua za ajira kutoka kwa waajiri wa Kanada sitakawia. Tarehe 25 Machi 2025 mlizifutia pointi, kwa kuwa walaghai walikuwa wakiziuza. Muuzaji alikosa, mnunuzi alikosa, na aliyeipata barua yake kihalali akatandikwa pamoja nao.

Kiingereza nimesomeshwa nacho, nimefanyia mitihani ya uhasibu, na kwenye katiba yetu ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Haitoshi, na nakubali, kwa sababu nasikia hata Mwingereza wa London mnamtahini. Kinachonishinda ni muda: matokeo yanakufa baada ya miaka 2, utadhani nitakisahau usingizini. Kifaransa ndicho chenye soko. Februari 2024 kuna wazungumzaji wa Kifaransa walioitwa wakiwa na pointi 336, na mwezi huohuo mwito wa watu wote ulidai zaidi ya 530. Sababu yenu naielewa, mna jamii za Kifaransa nje ya Quebec zinazopungua. Nawatakia heri ndugu zetu Waswahili wa Lubumbashi na Bukavu, waliokipata Kifaransa kutoka kwa Mbelgiji. Sisi tulitawaliwa na mtu wa pointi chache.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Mwaka 1967 ninyi ndio mlioanzisha pointi, ili mwombaji apimwe kwa elimu na ujuzi badala ya rangi yake na nchi alikotoka. Lilikuwa jambo la haki, na hapo siwatanii. Ndiyo maana inauma kuona kipimo kile kikielekea taratibu kumtaka kijana, kapera, ambaye tayari yuko Kanada.

Kama huyo ndiye mnayemtaka, ni haki yenu, nchi ni yenu. Ombi langu ni moja tu: mliseme hilo kwa herufi kubwa mlangoni, kabla mwalimu wa Kisii au mhasibu wa Mombasa hajauza ng'ombe au kukopa kwenye chama cha akiba ili alipie mtihani wa lugha, uthibitisho wa vyeti na wakala, huku akitafuta zaidi ya dola 15,000 za Kanada za kuwa nazo benki kuonyesha kwamba hatalala njaa akifika. Kwenye biashara, anayepokea fedha za mteja huku akijua bidhaa haipo, twamwandikia ripoti.

Novemba natimiza miaka 37, na mtakuwa mmeniondolea pointi nyingine 5. Naomba majibu kabla ya hapo.

Wako mwaminifu,
Mhasibu, Mombasa